Kilichovuka ni Chetu

Jirani yangu wa sasa ni mtu mwenye adabu sana, na hiyo ndiyo shida yangu naye. Juzi asubuhi kanitumia ujumbe kwenye simu, na picha juu yake: mmea wangu wa pasheni umepanda ukuta, umeshukia upande wake na kujizungushia kwenye bomba lake la maji. Chini ya picha kaandika, "Habari za asubuhi dada. Samahani kwa usumbufu. Naomba, kwa nafasi yako, uangalie suala la mmea wako uliovuka mpaka. Nakutakia siku njema." Nilisoma mara mbili nikitafuta tusi, hata dogo la kunifariji. Sikuliona. Huyu kijana tumepakana ukuta mwaka wa tatu, na hajawahi kuniambia hata kwamba nina kichwa kikubwa.

Nikachukua mkasi nikazunguka kwake kukata. Sasa wenzangu mliokulia uswahilini mnajua harufu ya majani mabichi yakikatwa asubuhi, umande bado haujakauka. Ilinijaa puani nikasimama pale na mkasi mkononi kama niliyesahau nilichofuata. Nilikuwa Ntalikwa, nina miaka sita kwenda saba, na mdogo wangu ametekwa.

Ntalikwa iko pembeni mwa mji wa Tabora, na enzi zile watu walilima mpaka mlangoni. Alikuwa akikaa pale bibi yangu, mzaa baba, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vitatu na uwanja wa mchanga mweupe. Wazazi wangu walikuwa wakulima wa tumbaku Goweko. Mdogo wangu Maganga alikuwa ameachishwa ziwa, na kwetu mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake, asimwone mama mpaka asahau. Tena msimu wa kukausha tumbaku ulikuwa umefika. Mama alipaswa kukesha kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia, akichochea moto, na moshi ule si wa mtoto. Basi tukapelekwa wote wawili, Maganga akalelewe na bibi, mimi nikamlee Maganga.

Siku ya kutuacha, mama alimfunga Maganga mgongoni kwangu kwa khanga, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana. "Kabula," akaniambia, "huyu ni wako mpaka nirudi. Nikirudi nimkute hivihivi, hajapungua hata ukucha."

Mama alikuwa anasema tu, kama watu wazima wanavyosema. Mimi nikaichukua kama ilivyo. Kila jioni nilimkalisha Maganga mkekani nikahesabu kucha zake, za mikono na za miguu, na zikitimia ishirini ndipo nilipopata usingizi. Siku bibi alipomkata kucha nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, na bibi hakuelewa kamwe nililia nini.

Kulikuwa na shida moja. Maganga alikuwa na mwaka na ushee, mnene, mvivu wa kusimama, lakini kutambaa alikuwa bingwa. Ungemweka hapa, ukapiga chafya, ukamkuta kule. Hakuwahi kutambaa ovyo, kila mara alikuwa na safari yake. Na safari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kwenye ua.

Ua wetu ulikuwa wa minyaa, imeshikana na kupita kimo cha mtu, na bibi alitukataza kuivunja kwa sababu utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni balaa. Upande wa pili wa minyaa alikuwa akikaa Babu Kondo. Alikuwa Mzaramo, aliyekuja Tabora ujanani kwa kazi ya reli, akastaafu, mkewe akafariki, naye hakurudi pwani. Mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kiua na kikohozi cha asubuhi ambacho sisi tulikifanya saa ya kuamkia. Alipanda maboga karibu na ua, na maboga yale hayakujua kwao ni wapi. Yalitambaa, yakapata tundu palipokufa shina moja la mnyaa, yakapenya, yakamwagika uwanjani kwetu kama maji.

Asubuhi yangu ya kwanza pale, bibi alinituma kisu. Tukachuma majani machanga yote yaliyokuwa upande wetu, kisha tukakaa kizingitini kuyamenya nyuzi, yale makamba membamba ya kwenye vikonyo. Mara juu ya minyaa ikatokea kofia.

"Wewe mpagazi!" sauti ikanguruma. "Nani kakata majani yangu?"

Bibi hakuinua hata uso. "Majani yako yako wapi? Mimi nimekata yaliyo kwangu. Yamekuja yenyewe, yamechoka kukaa na Mzaramo mvivu."

"Mvivu mimi? Mimi nimeihudumia reli hii miaka nenda miaka rudi!"

"Ulikuwa umeilalia. Ndiyo maana treni zilikuwa zinachelewa."

"Babu zako wamebeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu, vichwa vikabonyea. Mpaka leo mnazaliwa na shingo fupi!"

"Na babu zako walikuwa wanatusubiri kule pwani wanacheza ngoma. Mpaka leo hamjui jembe linashikwa upande upi!"

Najua wenzangu mmeshacheka. Mnajua Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana wanafanya nini, na kwamba siku wasipotukanana ndipo watu huwaitia daktari. Lakini mimi hakuna aliyenieleza. Goweko, kule mashambani tulikokaa, tulikuwa sisi kwa sisi, hatukuwa na Mzaramo hata wa kuazima. Kule mtoto akimsalimia mkubwa bila kupiga goti alichapwa, na mtu mzima aliyemtaja babu wa mwenzake kwa ubaya aliitwa mbele ya wazee. Sasa bibi yangu, anayesali rozari kila jioni na kufunga Ijumaa zote za Kwaresima, alikuwa anatukana ukoo wa mtu huku akimenya mboga. Nilijua jambo moja tu: tumeingia vitani, na nina mtoto mgongoni.

"Bibi," nikamuuliza kofia ilipoondoka, "majani si yake?"

"Sikiliza, mjukuu wangu," akasema, na uso wake ulikuwa mkavu kama wa padri Ijumaa Kuu. "Minyaa ile ndiyo mpaka. Cha kwake kikikaa kwake ni chake, hatukigusi. Kikivuka ni chetu. Na chetu kikivuka ni chake. Ndiyo sheria."

Nikaishika kama katekisimu. Na ushahidi haukukosekana. Tetea wetu mwekundu alivuka akataga kwake wiki nzima, na Babu Kondo aliyachemsha yale mayai akayala barazani, akiyamenya polepole, akimwonyesha bibi moja moja. Bibi alimwita mwizi, mchawi, na fisi aliyevaa kofia, lakini hakwenda kuyadai. Kwa hiyo ilikuwa kweli, sheria ilikuwa inafanya kazi pande zote mbili.

Kulikuwa na jambo jingine lililonitisha zaidi. Kila jioni bibi akishapika majani yale kwa karanga, kabla hatujala sisi, alipakua bakuli moja, akalifunika sahani, akalipitisha kwenye tundu la minyaa. "Kula," alikuwa akisema, "wasije wakasema Wanyamwezi tumekuua kwa njaa." Nilifikiri sana juu ya bakuli hilo. Mtu unamchukia hivyo, halafu unampelekea chakula, tena umempakulia cha juu ya chungu? Nikapata jibu moja tu: sumu. Ya polepole, ya kuua kidogo kidogo. Na bakuli lilipokuwa linarudi asubuhi halikurudi tupu, lilirudi na nusu ya nazi, kwa sababu ndugu zake walikuwa wakimletea nazi kwa treni. Nikajua na yeye si mjinga. Miezi ile yote sikugusa kitu chochote chenye nazi. Bibi alidhani ninaumwa tumbo, akaninywesha mwarobaini, na mwarobaini ule niliunywa kwa ushujaa wa mtu anayejua siri.

Basi kati ya yale maboga palikuwa na moja. Lilitunga mbali kabisa upande wetu, karibu na bafu la nyasi, likakua na kukua mpaka likaanza kuota rangi ya chungwa ubavuni. Babu Kondo alilitazama kila siku juu ya minyaa.

"Boga langu linaendeleaje?"

"Boga letu halijambo," bibi alimjibu.

"Lile nimelitunzia futari, mnajua. Nitalipika kwa nazi, mle harufu."

"Utafuturu kwa macho mwaka huu."

Wiki zilikwenda. Maganga alinenepa. Kucha zilitimia. Halafu asubuhi moja, ilikuwa Jumamosi, bibi akasema, "Kabula, leo mama yako anakuja." Alipata habari kwa mtu wa baiskeli aliyetoka Goweko kuuza asali. Sikumbuki furaha kama ile. Nilifagia uwanja mara mbili. Nilimwogesha Maganga mpaka akakasirika, nikampaka mafuta hadi kwenye nyayo, nikamvalisha shati lake jeupe, nikahesabu kucha. Ishirini. Nikamkalisha mkekani katikati ya uwanja, nikaenda nyuma ya nyumba kumwaga maji ya beseni.

Niliporudi mkeka ulikuwa mtupu.

Mchanga wetu haukuweza kuficha kitu. Mistari miwili ya magoti ilitoka mkekani, ikanyooka bila kupinda, ikaenda mpaka kwenye tundu la minyaa. Nikalala kifudifudi nikachungulia kati ya majani ya maboga. Niliona nyayo za Maganga zinang'aa mafuta. Kisha nikaona mikono mirefu mikavu inamnyanyua.

"Mpagazi wee!" Babu Kondo akapaza sauti. "Njoo uone, kuna kitu chako kimevuka!"

Bibi alikuwa amekaa kibarazani anabangua karanga. "Kitu gani?"

"Kina mashavu, kina tumbo, kimepakwa mafuta kama andazi. Nimekikamata. Kuanzia leo ni changu."

Nilimgeukia bibi. Nilisubiri asimame, achukue panga, aite majirani. Bibi alirusha karanga moja mdomoni.

"Chukua tu," akasema. "Kinakula sana hicho. Nilikuwa natafuta pa kukipeleka."

"Nitakifanya Mzaramo. Nitakifundisha mdundiko."

"Kifundishe. Miguu yenyewe hakina, kitacheza kwa magoti."

Na bibi akaendelea kubangua. Naapa, wenzangu, mpaka leo naisikia sauti ya maganda yale yakipasuka. Niliamini. Niliiamini kila herufi. Mdogo wangu ametolewa mbele ya macho yangu, bibi yangu wa damu kaafiki, na mama yuko njiani.

"Bibi," nikasema, "ni Maganga yule."

"Ndiye. Kavuka. Sheria ni sheria."

"Tutafanyaje?"

Bibi alinitazama kidogo. Nadhani hapo ndipo alipogundua kwamba ninasema kweli, lakini Mnyamwezi haachi utani katikati. "Watu waliotekwa hukombolewa," akasema. "Tafuta cha kumkombolea."

Nikakimbilia ndani nikamwaga mali zangu zote kitandani. Nilikuwa na mtoto wa gunzi aliyevaa kitambaa, kitana chenye meno sita, kandambili ya mguu mmoja, na kopo la dawa lililojaa mbegu za ukwaju. Nilivitazama nikajua hapa hakuna kitu cha kulingana na Maganga. Nikatoka nje ninalia kwa sauti ya chini, na machozi yalipokauka kidogo nikaliona lile boga.

Lilikuwa limekaa pale karibu na bafu, jua limelipiga, zito, limetulia. Na mawazo yangu yakanyooka ghafla. Maganga kavuka kwenda kwake, ni wake. Boga limevuka kuja kwetu, ni letu. Yeye anataka boga. Mimi nataka Maganga.

Kikonyo chake kilikuwa kigumu kama kamba ya mkonge. Nilikikata kwa kisu cha mboga, nikavuta, nikakaa chini, nikasukuma kwa miguu mpaka kikakatika. Kulinyanyua sikuweza. Nikalibingirisha mpaka kwenye jiwe la kufulia, nikalipandisha kwa goti, nikajiviringia ngata kwa khanga ya Maganga, nikainama nikaingiza kichwa chini yake. Kisha nikasimama kidogo kidogo, shingo ikizama mabegani. Bibi alikuwa ameingia jikoni na hakuniona, au alijifanya.

Tundu la minyaa lilikuwa hatua kumi. Lakini sikupita pale, maana nilikwishapiga hesabu: nikivuka pale na mimi nimevuka, nitakamatwa na boga langu, na hapo atakuja nani kutukomboa? Nikazunguka njia kuu. Barabara ilikuwa ya serikali, haikuwa na sheria ya bibi.

Sikufika mbali. Baiskeli ilisimama mbele yangu, na mwanamke akashuka kwenye kiti cha nyuma na kikapu mkononi, nguo zake zinanukia moshi wa bani. Alikuwa mama. Nilishindwa hata kupiga goti kwa sababu ya boga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Jamani umekuwa mrefu. Mbona umebeba zigo hilo? Na mdogo wako yuko wapi?"

Nilikuwa nimeshapanga uongo, ukanitoka wote. "Bibi kamtoa," nikasema.

"Kamtoa? Kampa nani?"

"Mzaramo. Alivuka minyaa akakamatwa. Bibi kasema achukuliwe tu, anakula sana. Huyo Mzaramo anataka kumfundisha mdundiko." Hapo machozi yakaanza tena, na nilishindwa kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika boga. "Mama, mimi nilikuwa namwaga maji tu. Kucha zilikuwa ishirini."

"Na hilo boga?"

"La kumkombolea."

"Boga la nani?"

"Lake. Lakini lilivuka."

Mama aligeuka upande, akaushika upindo wa khanga akajiziba nao uso wote. Mabega yake yalitikisika. Yalitikisika muda mrefu. Nikajua namliza mama yangu katikati ya barabara, na mtu wa baiskeli anatutazama. Alipogeuka macho yake yalikuwa na machozi kweli, akasema kwa sauti nzito, "Basi twende, mwanangu. Twende tukamkomboe." Hakuniambia nimpe boga abebe yeye. Nilikuja kumshukuru kwa hilo nilipokuwa mtu mzima, maana ilikuwa kesi yangu.

Tukafika. Mama akapiga hodi. Babu Kondo alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, miguu imenyooka, na Maganga katikati ya miguu, shati jeupe lote limekuwa la njano kwa boga la kuchemsha. Mashavu mawili yamejaa. Nilishusha boga langu, kwa kweli liliniponyoka, likatua kwenye mchanga kwa kishindo, na sisi wote tukalitazama.

"Shikamoo babu," nikasema. "Nimekuja kumkomboa mdogo wangu."

Babu Kondo alimtazama mama. Mama alitazama mbinguni.

"Marahaba," akasema taratibu. "Unamkomboa kwa nini?"

"Kwa boga."

"Boga hili kalipanda nani?"

"Wewe."

"Aa! Kwa hiyo ni langu. Mnyamwezi unakuja kunikombolea mtu kwa kitu changu mwenyewe?"

"Lilivuka," nikasema. "Lilivuka zamani. Kama Maganga ni wako kwa kuvuka leo, boga ni letu tangu mwezi jana."

Akavua kofia, akajikuna kipara, akaivaa tena. "Sawa," akasema. "Lakini mtu na boga havilingani. Nikikataa je? Nikasema huyu anabaki hapahapa namlinda mwenyewe, kwangu ni kwake, na wewe beba boga lako urudi?"

Sikupanga kusema nilichosema. Sikuwahi maishani kumjibu mkubwa. Shingo ilikuwa inaniuma, Maganga alikuwa ananitazama kama mgeni, na hasira ikanipanda kutoka miguuni.

"Babu," nikasema, "boga halina miguu na limekushinda kulilinda. Maganga anatambaa. Utamweza?"

Nilijua sasa nitachapwa, na mama, na bibi, na huyu, kwa zamu. Halafu nyuma ya minyaa likapasuka kigelegele, kirefu, cha harusini, na ndani yake nikaitambua sauti ya bibi yangu, aliyekuwa amesimama pale muda wote sikio kwenye majani. Mama akakaa chini mchangani alipokuwa, mguu huku kikapu kule, akacheka mpaka akawa anapiga ardhi kwa kiganja. Na Babu Kondo, yule mzee mkavu, alikuwa ameegemea ukuta, kofia imeanguka, mdomo wazi, hakuna sauti inayotoka, machozi tu yanamtiririka.

"Chukua," akasema alipopata pumzi. "Chukua mtoto, chukua na boga, nyumba nitaihama mwenyewe. Bibi wee! Miaka yote hii natukanwa na mdomo mmoja upande huo. Leo umeota wa pili!"

"Bado anaota meno huyo!" bibi akajibu kutoka kwetu. "Subiri akomae!"

Mama alinivuta akanipakata, mimi mtu mzima wa miaka sita, akanifuta uso kwa upindo uleule. "Ni watani, mwanangu," akaniambia sikioni. "Babu zetu walipofika pwani wamechoka na mizigo, waliowapokea ni wa kwao huyu. Mtu wa hivyo unamtukana mpaka anashiba. Bibi yako asipotukanwa naye siku mbili haamki kitandani." Nilimsikiliza, nikamtazama Babu Kondo anavyojifuta machozi na kofia, na furaha iliyonijaa ilichanganyika na aibu kubwa, kwa sababu niliyakumbuka mabakuli yote yale ya jioni.

Mama akamnyooshea Maganga mikono. Alikuwa amekiogopa kitu hicho njia nzima, alituambia baadaye: kwamba mtoto atamwona, atalilia ziwa, na kazi yote itaanza upya. Maganga alimtazama mama yake kwa makini. Kisha akageuka, akafungua mdomo, akasubiri Babu Kondo amtilie tonge jingine la boga. Mama alicheka, akanyamaza, akajishika kifua, akacheka tena. "Kasahau," akasema. "Haya, kasahau vizuri."

Boga halikusubiri futari. Babu Kondo alilipika siku ileile kwa nazi, bibi akazunguka kwa njia kuu na mkeka wake, tukala wote barazani kwa Mzaramo. Mimi nilikula nazi kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikaongezwa mara tatu, na kati ya tonge na tonge yule mzee aliniambia kwamba ninakula kama msafara mzima. Nikamjibu. Sikumbuki nilimjibu nini, nakumbuka tu kwamba bibi alinipigia makofi. Jioni nilimbeba Maganga kurudi naye nyumbani, na alilia njia nzima akimnyooshea mikono aliyemteka, akanipiga mateke ya mbavu, akalia mpaka usingizi ukamchukua mdomo wazi. Sikuhesabu kitu usiku ule.

Asubuhi mama alikuwa ameshaondoka kurudi kwenye mabani. Nilimkalisha Maganga mkekani nikachukua ufagio. Nilipogeuka, alikuwa ameshashuka, magoti mawili mchangani, matako juu, anakwenda zake kwenye tundu la minyaa bila kupinda. Upande wa pili Babu Kondo akakohoa. Nilisimama nikamwangalia mdogo wangu mpaka nyayo zake zikapotea ndani ya majani ya maboga. Kisha nikaendelea kufagia.